Mwaka Niliowabembeleza Wauguzi Waseme

Tulipotoka makaburini tulinawa mikono kwenye beseni lililowekwa langoni, kama ilivyo desturi, tukaingia uani kwa marehemu Vianney kule Kibagabaga, Kigali, na kabla sijapata pa kuketi nikasikia wanabishana. Hawakupaza sauti, maana tulikuwa msibani, lakini walikuwa wanabishana. Epiphanie alikuwa ameshika chupa ya soda ambayo hajainywa, anamwambia Saidi kwamba marehemu alikosea, na kwamba alimwambia hivyo usoni akiwa hai, mara nyingi tu. Saidi akasema, "Sasa mtu tumemzika leo, Epiphanie. Na bado?" Naye akajibu, "Na bado." Wote wawili wana mvi sasa, na Saidi ana wajukuu. Walikuwa wanafunzi wangu kwa mwaka mmoja tu, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, katika chuo kimoja cha ghorofani pale Remera, na sikuhitaji kuuliza wanabishania nini, kwa sababu jambo ni lile lile tangu mwaka ule. Nilikaa kando yao na sahani yangu ya wali, nikasikia hasira ya zamani inanipanda taratibu. Ni hasira ambayo ataielewa tu mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa la watu wazima, akauliza swali, halafu akasikia saa ya ukutani. Watu hawa wanaobishana mpaka matangani, mimi niliwabembeleza waseme, mwezi baada ya mwezi, wakanitazama.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimekuja Kigali kutoka Tanzania nilikosomea, na kilichonipa kazi ni Kiingereza, wala si kingine. Chuo kilikuwa kimeamua kuhamia Kiingereza kwa kasi kuliko walimu wake walivyoweza kuhama, kwa hiyo yeyote aliyeweza kuandika ubaoni bila kufungua kamusi alipewa darasa. Mimi nilipewa wauguzi. Wengi walinizidi umri. Walikuwa wakifanya kazi hospitalini na kuja chuoni mchana kutafuta shahada, na somo nililopangiwa kuwafundisha liliitwa Maadili ya Uuguzi. Mkuu wa idara tulimwita Dogiteri tu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyesomea Ubelgiji, na alivaa sweta ndani ya koti hata siku za jua kali. Siku ya kwanza aliniita ofisini akaniambia, huku akipanga kalamu zake, kwamba somo hili si la mhadhara. "Ni majadiliano," alisema. "Wakaguzi wanataka majadiliano. Mwanafunzi awe katikati." Nikamuuliza majadiliano yanaongozwaje hasa, maana mimi mwenyewe nilifika chuo kikuu na kutoka kwa kuandika kila alichosema mwalimu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanachemshwaje. "Unauliza," alisema, "wanajibu."

Basi nikauliza. Chumba chetu kilikuwa juu ya duka la magodoro, karibu na kituo cha mabasi, na harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi pamoja nasi. Chini upande wa nyuma kulikuwa na kanisa dogo ambalo kwaya yake ilifanya mazoezi saa zetu hasa, ikirudia mstari mmoja mpaka nikaujua kuliko wao. Uwanja wa mpira haukuwa mbali. Siku za mechi, timu ikifunga, mtaa mzima ulinguruma, na mimi nilisimama mbele ya ubao nikiwaza kwamba maelfu ya watu pale ng'ambo wana maoni, na hawa wangu hawana hata moja. Niliwasomea kesi kutoka kitabu cha ng'ambo. Bwana X ana saratani. Mke wa Bwana X hataki aambiwe. Muuguzi afanye nini? Kimya. Nikarudia polepole. Kimya. Nikauliza kama wameelewa swali, wakaitikia kwa pamoja, kwa heshima zote, kwamba wamelielewa.

Tatizo moja nililiona mapema. Nusu ya darasa walikuwa wamesoma kwa Kifaransa na Kiingereza changu kiliwapita juu ya vichwa. Nusu nyingine, waliokulia Uganda na Tanzania, walikijua lakini hawakutaka kuonekana wanajivuna mbele ya wenzao. Wote walikuwa na Kinyarwanda, isipokuwa mimi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kusalimia wazee na kununua nyanya. Nikikisema darasani walicheka kwa upole na kufunika midomo, kisha wakarudi kwenye ukimya wao. Kwa hiyo mwalimu wa majadiliano alikuwa ndiye mtu pekee chumbani asiyeweza kujadiliana na darasa zima kwa lugha yake mwenyewe. Nilimweleza Dogiteri. Akasema lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na imeandikwa.

Nilijaribu kila kitu. Niliwaita kwa majina. Aliyeitwa alisimama wima kama askari na kusema, "Nakubaliana na mwenzangu," hata kama yeye ndiye wa kwanza kuitwa na hakuna mwenzake yeyote aliyefungua mdomo. Niliwagawa katika vikundi; kila kikundi kilimteua mmoja aandike, na wengine wakapumzika, na sikuweza kuwalaumu sana maana walitoka kazini bado wana viatu vyeupe. Nikatangaza kwamba kushiriki kutakuwa na alama. Kipindi kilichofuata walisimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akasema, "Asante kwa swali zuri, Madamu, ni swali muhimu sana," akaketi. Nilirudi chumbani kwangu siku ile nikatupa viatu ukutani. Leo mimi huitwa kuwafundisha walimu vijana namna ya kuongoza mjadala, na wananipa karatasi zenye mashauri yaliyopangwa vizuri: uliza maswali yasiyo na jibu moja, subiri kidogo, mtazame mwanafunzi machoni. Nayasoma kwa sauti kama nilivyoagizwa. Moyoni nawaza, subiri kidogo, kweli? Mimi nilisubiri tangu vuli hadi masika.

Vianney alikuwa ndiye mkubwa wao kwa umri, muuguzi wa chumba cha upasuaji, kipara, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, mtu wa Kifaransa kabisa. Siku moja alinisubiri kwenye ngazi, akanisemesha kwa Kiswahili chake alichokiokota akiwa kijana upande wa Goma. "Madamu," alisema, "usikasirike na sisi. Wewe ndiye mwalimu. Kama sisi ndiyo tunasema, wewe utafanya kazi gani?" Nikamwambia kazi yangu ni kuwafanya waseme. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemwona mtu amepewa zamu mbaya. Kisha akashusha sauti. "Halafu, hapa kwetu, mtu anaogopa kusema mbele ya watu neno yenye hajui itafika wapi." Nikaitikia kwa haraka kwamba nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilidhani anazungumzia aibu.

Na bado nisingekasirika kiasi kile kama kweli wangekuwa watu wa kimya. Kantini ilikuwa nyuma ya jengo, chini ya mabati, na meza ya walimu ilitengwa na za wanafunzi kwa ukuta wa mbao nyembamba ambao haukuzuia chochote isipokuwa macho. Pale tulikula melanje, sahani moja unayoruhusiwa kuijaza mara moja tu, wali, maharage, viazi, ndizi, isombe ambayo ni kisamvu, makaroni juu kabisa kama paa, na kipande kimoja cha nyama ambacho dada wa jikoni alikupimia kwa jicho. Nilikuwa nakula peke yangu mchana mmoja, nimetoka kuwabembeleza juu ya Bwana X bila mafanikio, nikasikia upande wa pili wa mbao sauti zimepanda. Nyingi zilikuwa Kinyarwanda, lakini Saidi, kijana wa Nyamirambo ambaye Kiswahili ndicho alichonyonya, hakuweza kubishana kwa muda mrefu bila kukirudia. "Mimi ule Bwana X ningemwambia ukweli mara moja!" alikuwa anasema. "Mwili iko yake, kifo iko yake!" Mwanamke mmoja akamjibu kitu kirefu, meza ikapigwa kofi. Mwingine akauliza, nadhani kwa ajili ya kumchokoza, "Sasa mbona hukusema kule juu?" Saidi akasema, "Nani aliniuliza?" "Madamu alikuuliza kipindi kizima!" "Aliuliza kwa Kizungu."

Nilibeba sahani yangu nikazunguka ule ukuta. "Kwa nini hamkuyasema haya darasani?" niliuliza, na nakumbuka nilikuwa nimeshika uma juu kama fimbo. Vijiko vilisimama hewani. Wakanitazama kwa zile nyuso zao za darasani. "Oya, Madamu," alisema Epiphanie kwa upole, yaani hapana, "tunakula tu."

Epiphanie nimtambulishe hapa, kwa sababu ndiye aliyeyafanya yote yaliyofuata. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mfupi, mwenye sauti ndogo, muuguzi wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja upande wa pili wa mji, hospitali ile ile ya Vianney, jina lake silitaji. Alikaa karibu na dirisha, na kwa miezi yote ile nilikuwa nimemsikia akisema "present" nilipoita majina, basi.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani, kwaya chini imekwama kwenye mstari wake, na mimi nilikuwa nimesoma kesi mpya ya mtu fulani Y aliye kwenye mashine ya kupumulia. Nikauliza swali. Nikasubiri. Nikamwona mmoja anachungulia mvua, mwingine anakuna kiwiko, na kitu fulani ndani yangu kikakatika. Nilifunga kile kitabu kwa kishindo nikaanza kuwafokea, kwa Kiswahili, lugha ambayo sikupaswa kufundishia. Niliwaambia nimechoka. Niliwaambia kwamba kwenye melanje wanaongea kama redio na hapa wanageuka mawe; kwamba wanaona wagonjwa kila siku kuliko mwandishi wa kitabu hiki alivyowahi kuona, na kama hawana la kusema juu ya kazi yao wenyewe basi mimi nirudi nilikotoka. Hakuna aliyefunika mdomo kucheka safari hii. Nikawapa kisogo nifute ubao ambao haukuwa na kitu.

"Madamu," nikasikia nyuma yangu. "Mimi niko na swali. Lakini haiko ya kitabu."

Epiphanie alikuwa amesimama. Alianza kwa Kiingereza, akakwama, akatumbukiza Kifaransa, akakwama tena, kisha akaacha kunitazama mimi, akawageukia wenzake na kuendelea kwa Kinyarwanda. Saidi alihamia kiti cha mbele bila kuombwa, akaanza kunitafsiria kwa sauti ya chini, mbio mbio, na hivi ndivyo nilivyolipata lile swali. Wodini kwake kulikuwa na mama mmoja aliyepata ajali ya gari pamoja na binti yake mdogo. Mama amepasuliwa tumbo na anaendelea. Mtoto amekufa. Mama hajui. Mumewe na shemeji yake wamesema asiambiwe mpaka apate nguvu, na daktari wa wodi amekubali, kwa sababu akilia sana nyuzi zitaachia. Kwa hiyo kila akiuliza, wauguzi wanamwambia mtoto yuko wodi nyingine, analala. "Sasa," Saidi alinong'ona, "ule mama analetewa chakula na ndugu. Analetewa mayai ya kuchemsha. Yeye hali. Anampa huyu Epiphanie, anasema, mpelekee mtoto, anapenda mayai." Epiphanie alikuwa ameyachukua. Hakujua jinsi ya kuyakataa. Yalikuwa kwenye kabati lake la nguo za kazi. Alikuwa anaingia zamu baada ya kipindi hiki, na mama yule angemuuliza kama mtoto amekula. Na mtoto anazikwa kesho asubuhi.

Epiphanie alikaa. Sikuuliza chochote, sikupata nafasi. Nilivyojua mimi majadiliano huanza kwa mtu mmoja na kusambaa, lakini haya yalilipuka pande zote kwa wakati mmoja. Mwanamke wa safu ya nyuma alisimama kabisa. Watu ambao nilidhani ni mabubu walikuwa wananyoosheana vidole. Na yote, yote kabisa, yalikuwa kwa Kinyarwanda. Nimengoja mwaka mzima mjadala, umekuja, na mimi sielewi! Nilibaki nimemwinamia Saidi kama mgonjwa anayesubiri majibu, na Saidi mwenyewe alikuwa anataka kubishana, kwa hiyo tafsiri yake ilikuja vipande vipande. "Huyu anasema aambiwe leo. Huyu anasema kidonda itafunguka, atakufa naye, watazika wawili. Ule anasema daktari hana haki, mtoto haiko ya daktari. Subiri, Madamu." Kisha akawapigia kelele yeye mwenyewe jambo fulani, akasahau kuniambia lilikuwa nini. Mara mbili nilijaribu kuingilia, kupanga zamu za kusema, na mara zote mbili hakuna aliyenisikia. Nikaiacha chaki.

Aliyepinga kwa nguvu zaidi alikuwa Vianney. Alisimama na shati lake lililonyooka, akasema kwa utulivu, na wote wakampisha kwa sababu ya umri. Muuguzi anayeruka agizo la daktari, alisema, anamwacha mgonjwa bila agizo lolote. Yeye ameona nyuzi zikiachia. Anajua nini kinatoka ndani. Huruma ya siku moja isiue mtu. Akamgeukia Epiphanie, akamwambia kama baba: nenda, mwambie mtoto amekula, kanawe uso, huo ndio uuguzi. Kichwa cha Epiphanie kiliinama, na nikaona darasa linaanza kumwendea Vianney, polepole, kama watu wanaoinuka kuondoka.

Hapo ndipo Odette aliposema. Odette alikaa peke yake kwenye kona, mwanamke wa rika langu, mpole, ambaye hata kantini sikumsikia. Hakusimama. Alisema sentensi moja, akitazama mikono yake mezani.

"Jyewe abanjye sinabashyinguye."

Saidi hakutafsiri. Nilimtazama, akatazama chini. Lakini kwa sentensi ile Kinyarwanda changu cha nyanya kilitosha. Mimi, watu wangu sikuwazika, na sote tulijua ni katika mauaji ya mwaka gani. Hakuna aliyejisogeza. Hata wale waliokuwa wamebaki wamesimama walibaki hivyo hivyo. Nimesema jinsi nilivyouchukia ukimya wa darasa lile, na siondoi neno, lakini huu ulikuwa mwingine kabisa, na nilijua, bila karatasi ya mashauri, kwamba nikifungua mdomo kuujaza nitakuwa nimefanya jambo baya. Kule chini kwaya nayo ilikuwa imetulia, au pengine ilikuwa inaimba nami sikuisikia.

Baada ya muda Vianney alikaa. Akavua miwani. Alipozungumza tena alizungumza kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili nami nisikie. "Basi kama anaambiwa," alimwambia Epiphanie, "haiambiwi na wewe peke yako. Bwana wake ndiye atamwambia. Na mimi nitakuwa pale na dawa, na tumbo yake imefungwa vizuri. Twende tumtafute bwana wake kwanza. Sasa hivi." Epiphanie akanigeukia mimi. "Madamu, wewe unasemaje?" Mazoea ni kitu kibaya: nikamuuliza yeye anaonaje. Darasa zima lilinipigia kelele. "Usituulize tena!" alifoka Saidi. "Leo jibu wewe!" Nikamjibu Epiphanie ukweli, kwamba sijui kama mama yule ataumia zaidi leo au baadaye, lakini mimi ningetaka kuambiwa. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mwavuli. Wakaondoka wote wawili na kipindi kikiwa hakijaisha, na wengine wakaendelea kubishana mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Yaliyotokea tuliyasikia wiki iliyofuata. Walimkuta mume nje ya wodi. Walipomwambia walichokuja kusema, aliegemea ukuta akakubali mara moja, kwa sababu alikuwa ameshindwa kuingia kumwona mkewe tangu asubuhi. Shemeji alikasirika, akaenda kumtafuta daktari. Kabla daktari hajafika, mume alishika mkono wa mkewe akamwambia, Vianney upande mmoja, Epiphanie upande mwingine. Mama hakulia kwanza. Alimtazama Epiphanie, akauliza, "Na mayai?" Epiphanie akamwambia yako kabatini kwake. Yule mama akasema, "Mpeni huyu baba yake, hajala." Kisha akapiga yowe lililowatoa watu wodi za jirani. Asubuhi yake walimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha maiti, kabla jeneza halijafungwa, akakaa na binti yake. Alitaka kwenda makaburini. Gari lilikuwepo, Epiphanie alikuwa tayari kumsindikiza, na Vianney alikataa katakata kwa sababu ya kidonda: barabara ni mbaya, hatafika mzima. Akarudishwa kitandani, wengine wakaenda kuzika. Kidonda kikaingia usaha hata hivyo, akakaa hospitalini muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, ingawa alipona.

"Angeenda tu," Epiphanie alisema mbele ya darasa. "Kidonda kiliharibika, na hakumzika."

"Angeenda angekufa njiani," alisema Vianney.

Hawakuwahi kukubaliana. Epiphanie aliondolewa wodini, akapelekwa chumba cha kuchemshia vifaa kwa muda uliobaki wa mwaka ule, na nilipomwambia nasikitika alisema vifaa angalau havimuulizi kitu. Vianney hawakumgusa, walimhitaji.

Mimi niliitwa na Dogiteri. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita, na alianza kama nilivyotarajia: daktari wa wodi amepiga simu, analalamika kwamba chuo chetu kinafundisha wauguzi kuasi madaktari. Akasema kuanzia sasa kila kesi nimpelekee aione kabla ya kipindi, na kwamba mwakani semina hii itafutwa, somo litarudi kuwa mhadhara katika ukumbi mkubwa. Na kweli lilirudi. "Uliwaambia nini hasa?" aliuliza. Nikasema karibu sikusema kitu. Sikuelewa hata lugha waliyokuwa wanasema. "Basi nani aliamua?" Nikamwambia waliamua wao. "Hilo ndilo tatizo," alisema. Nilichoka naye kabisa. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyetaka mwanafunzi awe katikati. Sasa wamekaa katikati, nao wamefanya kilichofanywa, na mimi naitwa huku kama mwizi. Nilikuwa tayari kusema mengine mabaya zaidi. Aliinua kiganja. Aliinuka, akafunga mlango uliokuwa wazi kidogo, akarudi, lakini hakukaa.

"Yule mama," alisema, kwa Kiswahili ambacho sikujua kwamba anacho. "Alimzika mtoto?"

"Alimwona," nilisema. "Hakumzika."

Alisimama akishika kiti kwa mikono miwili. Sweta lake lilikuwa limechakaa kwenye kola. Sikuwahi kuliona kwa karibu hivyo.

"Kumwona pia ni kitu," alisema. Kisha akakohoa, akaangalia saa. "Nenda. Wanafunzi wanakungoja."

Hawakuwa wananingoja. Nilipofika juu mlango ulikuwa wazi na wameshaanza, sauti zinasikika tangu kwenye ngazi, kesi sijui ya nani, sikuipitisha mimi wala Dogiteri. Vianney alikuwa amesimama katikati yao, ananyoosha hoja yake kwa Epiphanie. Aliposikia hatua zangu hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma na kunipungia kiganja, nikae, amalize kwanza.